Mate ya Buu

Ndizi tano niliziacha ziive kupita kiasi
dirishani pa maabara, hapa Tukuyu,
nzi wakaja kabla mvua haijakatika,
maana kwetu mvua kukatika ni habari ya redioni.
Siku ya sita mabuu walikuwa wakiogelea ndani ya rojo.
Nikamchukua mmoja, mnono,
nikamlaza kwenye tone la maji ya chumvi,
sindano moja shingoni, moja kiunoni,
nikavuta.
Zikatoka tezi mbili, angavu, zimelingana,
kama viganja vya mtoto anayeomba kitu.

Rangi ya zambarau ilipokolea,
kromosomu zikaonekana nene, zina mistari
mfano wa ukili wa mikeka ya Kyela,
na hapa na pale ukili umefura.
"Hapo," nikawaambia, "ndipo jeni inaposema."
Andongolile wa dawati la nyuma akauliza:
"Na kwingine kote?"

Kwingine kote pamenyamaza.
Seli ya jicho inayo maneno haya haya.
Seli ya bawa inayo, na haiyatamki hadi kufa.
Kitabu ni kimoja, kimegawiwa mwili mzima,
ila kila seli imefunguliwa ukurasa wake
ikaambiwa: wewe, mate.
Na iko jeni moja, bwana mdogo,
ikinyamaza mapema, mwili ungali unajipanga ndani ya yai,
buu huanguliwa bila tezi.
Pale palipokuwa pawe mate panakuwa ngozi,
ngozi tu,
isiyojua kwamba iliahidiwa kitu.

Wakaandika. Kengele ikalia.
Habari ya mama sikuwaambia.

Mionzi iliua uvimbe wa shavuni, tunashukuru.
Ikaua na chemchemi zilizokuwa jirani.
Sasa Tupokigwe anatembea na kikombe cha bati,
funda moja kwa kila maneno sita,
katika wilaya hii ambamo hata mawe yana jasho,
ambamo shuka hukauka kwa kubembelezwa,
kinywa chake ndicho mahali pekee penye kiangazi.
Ule msemo wa kabla mate hayajakauka
nyumbani tumeuacha. Hakuna aliyeukataza.

Mwezi wa nne dada alijifungua.
Mama akampokea mtoto, akainama
amtemee baraka utosini kama alivyotutemea sisi.
Akajaribu.
Akajaribu tena, midomo ikitoa hewa.
Kisha akachovya kidole kikombeni,
akampaka maji, akasema,
"Mungu hana maabara, hatayapima."
Tukacheka wote. Dada alicheka akiwa ametazama ukutani.

Jana, tukimenya ndizi, akaniuliza
kama zile seli zilikufa au zimesahau.
Nyingine zilikufa, nikasema.
Nyingine zipo, mama. Mifereji ipo, kuta zipo,
ila hakuna anayekumbuka kazi ya nyumba ile.
Wapo watu, mbali huko, wanajaribu kuzikumbusha.
"Wanazikumbusha vipi?"
Wanaiamsha jeni iliyolala, nadhani. Sijui vizuri.
"Wanaiita?"
Ni kama wanaiita.

Akaweka kisu chini.
Akagonga shavu lake kwa kidole, taratibu,
kama anayebisha hodi kwa jirani anayemdai,
akaita neno moja la Kinyakyusa,
akanyamaza kusikiliza.
Nami nikasikiliza, mimi mwalimu wa sayansi,
nikiwa na ganda la ndizi mkononi.
Juu ya bati, mvua.

Akapasua limau la maharage,
harufu ikatanda jikoni,
na kinywa changu, bila kuulizwa, kikajaa.
Nikayameza polepole
asisikie.